Siku Kola Aliposimamisha Pasi

Mtoto wa mdogo wangu, ambaye pale kwa dobi kila mtu anamwita Kola, hakupewa jina hilo na wazazi wake. Nilimpa mimi. Alikuja kazini ana miaka kumi na tisa, mwembamba kama hanga la kutundikia nguo, nikamweka kwenye kola za mashati maana kola ndiyo inayomwaibisha mpiga pasi. Mgongo wa shati ukikunjamana, koti litausitiri. Kola haina pa kujificha. Basi yule binti akawa anaimaliza kwa mapito manne: ncha hii kuja katikati, ncha ile kuja katikati, geuza, rudia. Mimi nilikuwa napita mara sita. Nikamtazama, nikajisemea, haya, leo mwalimu kapata mwalimu.

Mimi nimesimama mbele ya pasi miaka thelathini na minane. Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwa hiki hakijawahi kupoteza shati la mtu. Hata leo, nimestaafu, niletee shati la mteja wa zamani nitakwambia kifungo kipi kilibadilishwa na nani aliyekishona.

Chumba chetu kilikuwa kirefu, dari la bati, boila la kuni la kutoa mvuke kwenye kona moja, mashine mbili za mvuke katikati, na meza sita za pasi zikifuatana kuelekea mlango wa nyuma, ule wa kutokea kwenye kamba za kuanikia. Meza ya kola ilikuwa ya kwanza, ubavuni kwa boila, ili mvuke usisafiri mbali. Ukiingia mle saa saba mchana, miwani inafunga ukungu kabla hujasalimia.

Na tulikuwa na alama. Hizo nilizianzisha mimi. Zamani tuliandika kwa wino, wino ukafuliwa pamoja na shati. Nikasema tushone uzi ndani ya kola: uzi mwekundu, shati lipigwe wanga liwe gumu, uzi wa kahawia, liachwe laini. Sikuwahi kuona mtu akikosea, mpaka mwaka ule Kola alipofika miaka thelathini na moja.

Kosa la kwanza lilirudi na mteja mwenyewe, mzee mmoja mpole. Akaliweka shati juu ya kaunta, likasimama bila kushikwa.

"Mama," akaniambia, "nimekuja na mwenzangu. Tulikuwa tunatembea naye njiani."

Tulicheka, nikaomba radhi, nikalirudisha kwenye maji. Wiki ile ile likarudi shati la wakili, kola imelala kama sikio la mbwa. Halafu mashati matatu ya walinzi. Yote yalipita mkononi kwa Kola, na yote yalipigwa pasi mchana.

Hapo meneja, mtoto wa mwenye duka la dobi, aliyekuwa ndiyo kwanza amerithi meza ya baba yake, akaanza kumfuata kwa macho. Na macho yakaona mengine. Kola alikuwa akitoka mezani kwenda kuchukua hanga anapepesuka, anashika ukingo wa meza ya pili, anashika ya tatu. Mzee wa Boila, mchochea kuni wetu, ambaye hajawahi kupata utani akaacha kuutumia, akamwimbia, "Kola, leo umepitia wapi? Tuelekeze na sisi!"

Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, ila kicheko hakikufika machoni.

Neno pombe likaanza kutembea. Mimi sikulisubiri linikute. Nikamwita nyuma, kwenye kamba za kuanikia.

"Fungua mdomo."

"Mama mkubwa!"

"Fungua. Nilikutawaza mimi ulipokuwa mchanga, leo utanionea haya mdomo?"

Akafungua. Nikanusa. Chai ya rangi, basi.

"Sasa una nini?"

"Miguu inakuwa mizito kama blanketi lililolowa," akasema. "Na macho yanachoka. Nilikwenda zahanati mara tatu. Mara ya kwanza malaria, mara ya pili damu ndogo, mara ya tatu wakaniambia nipumzike."

"Na hizo nyuzi?"

Akageuza uso. "Nachanganya tu."

Jibu hilo halikuniingia. Mtu aliyepiga kola miaka kumi na miwili hachanganyi tu. Lakini siku ile meneja alitangulia kunena. Alisema mbele ya wote kwamba kosa moja zaidi, Kola atafute pengine pa kwenda. Na Kola ana watoto wawili na hana ufundi mwingine. Na hata kama angekuwa nao, yule mtoto anaipenda kola kama wengine wanavyopenda kuimba.

Hapa ndipo niliposema nitamponya mwenyewe.

Sikilizeni, katika kazi yetu mvuke ndio dawa ya kila kitu. Kitambaa kikaidi, mvuke. Nta ya mshumaa, mvuke. Mpiga pasi akikazwa na mgongo, tunamlaza juu ya meza tunamkanda kwa taulo la moto, na kesho yupo kazini. Goti langu hili lilipona hivyo. Kwa hiyo Jumapili, nyumbani kwangu, nikamketisha Kola kwenye kiti cha mkono, nikamtia miguu kwenye ndoo ya maji ya moto yenye chumvi, taulo la moto mapajani, lingine shingoni, blanketi juu. Nikafunga na dirisha, upepo usije ukaniharibia kazi.

Haikufika robo saa.

"Mama mkubwa, mbona umeshusha pazia?"

Pazia lilikuwa limefunguliwa, na jua limejaa chumba kizima.

"Inuka," nikamwambia.

Akajaribu. Magoti yakakunjika kama hanga bovu, akaenda chini, ndoo ikamwagika. Nikamburuta mpaka penye saruji kavu, nikamvua lile blanketi na mataulo, nikaketi karibu yake. Alikuwa ameyatoa macho kuelekea kwangu na hanioni vizuri. Niliomba dua zote ninazozijua, nyingine nikaziunganisha vibaya.

Baada ya nusu saa hivi akasema, "Una doa la chai kwenye mtandio."

Kweli lilikuwapo. Dakika kumi baadaye akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, amenyooka.

Mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza, hasa kwa vile kosa lilikuwa langu. Mimi usiku ule sikulala kwa sababu nyingine. Nilikuwa najiuliza: ni ugonjwa gani huu unaoamshwa na maji ya moto na kulazwa na sakafu? Malaria haina tabia hiyo. Damu ndogo hairudi kwa nusu saa. Pombe ndiyo kabisa.

Jumatatu nikachukua daftari moja la risiti lililokwisha, nikaanza kuandika upande wa nyuma. Saa. Joto kali, la kiasi, au baridi. Kola amesimama wapi. Amepepesuka au la. Mashati mangapi ameyakosea, maana sasa nilikuwa nayakagua yote kabla hayajatoka. Mzee wa Boila akanichungulia.

"Bibi, umeajiriwa na polisi?"

"Nyamaza, utaandikwa na wewe."

Wiki ya kwanza nilidhani ni uchovu wa mchana, kwa kuwa makosa yalianza saa tano hivi. Lakini Alhamisi ikanyesha mvua tangu asubuhi, chumba kikapoa, na Kola akapiga pasi hadi saa tisa bila kosa hata moja. Basi siyo saa. Wiki ya pili boila liliharibika, fundi akalifungua mchana kutwa, tukapiga kwa pasi za umeme. Jua lilikuwa kali nje, lakini ndani hakuna mvuke. Kosa moja tu, na hilo lilikuja baada ya yeye kutoka kuanua mashuka juani.

"Mzee," nikamwambia yule wa boila, "nimempata mwizi."

"Nani?"

"Wewe na hilo pipa lako."

Akalitazama boila lake kwa huruma kama mtu aliyeambiwa mwanawe kapiga jirani.

Bado nilitaka kujua kwa nini nyuzi. Saa moja asubuhi nikachukua kitambaa cheupe, nikashona uzi mwekundu na wa kahawia, nikamwonyesha. Akazitaja rangi bila kufikiri. Saa saba mchana nikamwita tena, uso unamchuruzika jasho. Akakodoa macho, akakisogeza kitambaa karibu.

"Sema."

"Ya kahawia... na ya kahawia."

"Ziba jicho la kulia."

Akaziba. "Hii nyekundu!"

"Ziba la kushoto."

"Imekwenda," akasema taratibu, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaona. "Imekuwa kama chai iliyotiwa maji."

Nikamlowanishia kitambaa kingine kwa maji ya mtungi wa barafu, nikamfunga shingoni, nikamwambia akae mlango wa nyuma mikono ndani ya maji. Tulikaa pale tunaangalia mashuka yakipepea. Baada ya dakika kumi na tano nikampa tena kitambaa cha nyuzi. Akaziba jicho zuri, akatazama kwa lile baya.

"Inarudi," akasema. "Mama mkubwa, nyekundu inarudi."

Tukafungasha daftari, tukaenda hospitali kubwa. Daktari wa macho akamtazama, akampeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kijana mwenye sauti ya chini. Huyo alikuwa na kifuniko chekundu cha chupa ya dawa. Akamwambia azibe jicho moja, kisha jingine, amwambie kifuniko kina rangi gani. Nikamgusa Kola kwa kiwiko. Uzi wangu na kifuniko chake vilisoma shule moja.

Akaomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Nani aliandika haya?"

"Mimi."

"Ulisomea uuguzi?"

"Nilisomea pasi."

Walimpiga picha ya kichwa na ya uti wa mgongo, wakamtoa maji ya mgongo kwa sindano, tukarudi mara nne. Mwisho akatutajia jina refu la kigeni, akatueleza kwa maneno ya kwetu. Kila mshipa wa fahamu una ngozi yake ya juu. Ndani ya mwili wa Kola, wale askari wa kupambana na maradhi wamekosea adui, wanaitafuna ngozi hiyo, mahali pamoja leo, mahali pengine mwakani.

"Kama waya wa pasi uliochunika?" nikauliza.

"Hasa. Umeme unapita, lakini kwa shida. Mwili ukipata joto, hata kidogo, pale palipochunika ujumbe unakwama. Ukipoa, unapita tena."

"Kwa hiyo mimi na ndoo yangu nilimuumiza?"

Akatabasamu. "Joto halimtafuni, mama. Linakuonyesha palipokwisha tafunwa. Ila asije akaanguka akavunjika. Dawa nitakazompa zinapunguza kasi ya ugonjwa. Kilicholiwa hatuwezi kuahidi kukirudisha."

Kola aliuliza swali moja tu. "Nitaweza kupiga pasi?"

"Ukiweza kukaa kwenye baridi, ndiyo."

Mtu mwingine angecheka. Sisi tulitazamana.

Nilimfuata meneja siku iliyofuata na barua ya daktari. Akaisoma mara mbili, maana siyo mtu mbaya, ni mtu mwenye haraka.

"Mama, nakuheshimu, umenikuta mtoto humu. Lakini hapa ni kwa dobi. Mvuke ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayekimbia joto akauze barafu."

"Asubuhi hajawahi kukosea. Soma daftari."

"Kwa hiyo nimpe kaunta. Akae, apokee nguo, aandike."

Kola alikuwa amesimama mlangoni. "Kaunta ina mtu wake," akasema, "na mimi si mgeni wa harusi wa kuwekwa kiti. Nipe wiki moja na kola zangu."

"Wiki moja," meneja akasema. "Likirudi shati, au likienda baya, basi. Sitaki ugomvi."

Tulikuwa na Ijumaa na Jumamosi za kujiandaa. Meza ya kola tukaivuta tukaipeleka mwisho kabisa, kwenye mlango wa nyuma. Mzee wa Boila aliibeba nusu yake peke yake, bila utani, nikajua alikuwa akijutia ule wimbo wake. Feni moja ikahamishwa. Zamu yake ikaanza saa kumi na moja alfajiri, dunia ikiwa bado imepoa, mpaka saa sita. Mimi nikashona alama upya. Ilinikera, nisidanganye, lakini nikaachana na rangi: mshono mmoja laini, mishono miwili wanga. Na beseni la maji baridi likawekwa nyuma ya pazia la stoo, taulo pembeni, ili akihisi mwili unapanda joto ajipoze bila kuonwa. Hilo la pazia alilitaka mwenyewe.

Jumatatu safi. Jumanne safi. Jumatano alijipoza mara mbili. Alhamisi nikamwona anapanga mashati kwa namna niliyoanza kuitilia shaka. Alikuwa anaangalia shati lililotangulia, kisha anatia wanga linalofuata bila kugeuza kola.

"Kola. Unafanya nini?"

"Mashati ya walinzi huja pamoja, mama mkubwa. La kwanza likiwa na wanga, na mengine..."

"Unakisia."

Akaliweka shati chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," akasema. "Nikishindwa kuona, nakisia. Ningesema nini? Kwamba sioni? Wangenitoa siku hiyo hiyo. Nikikisia napata mengi kuliko ninavyokosa."

Nilikaa juu ya kikapu cha nguo. Daftari langu zima lilikuwa limehesabu joto, na halikuwa limehesabu hilo. Ugonjwa ulikuwa unafunga jicho, lakini shati halikosewi na jicho lililofungwa. Shati linakosewa na mkono unaoendelea. Nikataka kumgombeza, nikashindwa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimemwekea pazia.

"Kesho fanya unavyoona," nikamwambia. "Sitakukagulia."

Ijumaa jua lilitoka na hasira zake. Saa tatu bati linalia. Saa nne kasorobo umeme ukakatika. Feni zikasimama, boila la kuni likaendelea kupumua kama kawaida. Kola alikuwa amebakiza mashati kumi na tisa ya wahudumu wa hoteli, na gari la hoteli lingefika saa sita. Pasi yake ya mvuke ilikuwa bado ya moto. Meneja akaja akasimama karibu, mikono mfukoni.

Nilimwona akishika shati. Akageuza kola. Akaisogeza machoni, akaziba jicho hili kisha lile, akaizungusha kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole, na vidole navyo vilikuwa vimekufa ganzi. Mkono wake ukaelekea kwenye shati lililotangulia. Nikaangalia pembeni.

Kisha nikasikia pasi ikiwekwa kwenye chuma chake, kwa kishindo.

"Nimefika mwisho," Kola akasema. "Sioni."

"Huoni nini?" meneja akauliza.

"Sioni alama. Miguu nayo inaondoka. Nipe dakika ishirini."

"Gari linakuja saa sita."

"Najua saa linayokuja. Nikiendelea sasa nitakupa mashati kumi na tisa na sitajua mangapi ni mabaya. Nikikaa dakika ishirini nitakupa kumi na tisa mazuri. Chagua, lakini chagua haraka, maana nakaribia kuanguka."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkubwa. Meneja akatoa mikono mfukoni. Akavuta kiti kwa mguu, akakisukuma kwake. "Kaa."

Akaelekea stoo, akatoka na lile beseni mwenyewe, maji yakimwagikia viatu. Mimi nikamfunga taulo shingoni. Tukamwangalia Kola akikaa mbele ya watu wote, miguu ndani ya maji, macho amefumba, na chumba kizima cha dobi kikapiga pasi kimya kimya kama msikitini. Mzee wa Boila aliacha kuchochea kuni bila kuambiwa.

Baada ya dakika kumi na nane akafumbua macho, akachukua shati, akaziba jicho la kushoto.

"Miwili," akasema. "Wanga."

Alimaliza saa sita kasoro dakika saba. Meneja akayageuza yote, moja moja, kumi na tisa. Alitafuta kwa bidii, nampa haki yake. Kisha akayatundika kwenye reli.

"Jumatatu njoo saa kumi na moja," akasema. "Na Jumatatu zote. Lakini ukiona inakuja, sema kama ulivyosema leo."

"Nitasema," Kola akajibu. "Ila beseni libaki hapa. Pazia silitaki tena."

"Wateja watakuona. Wataniuliza."

"Wakiniuliza mimi nitawaambia."

Haikupita siku. Mwalimu mmoja aliyekuja kufuata koti lake akapitiliza hadi nyuma, akamkuta mpiga pasi ameketi na miguu majini katikati ya kazi.

"Dada, unajistarehesha?"

"Naisubiri nyekundu irudi," Kola akamwambia. "Kaa hapo kidogo, nitakueleza. Huna haraka?"

Mwalimu akatafuta kikapu, akakigeuza, akaketi.